Jeraha lisiloonekana: zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji wanavyoweza kusaidia baada ya maafa

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, maji, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara na kupita juu ya makazi ya watu katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Jorodom na Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Wengine walijeruhiwa, nyumba zilifukiwa, mifugo na mashamba vikaenda na tope.

Msaada ulifika. Jeshi lilifukua, madaktari walitibu majeraha, shule ziligeuzwa kambi, unga na mablanketi vikagawiwa. Serikali ilipeleka pia maafisa ustawi wa jamii na wataalamu wa saikolojia kuzungumza na waathirika. Baadaye zikajengwa nyumba mpya eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Lakini kila maafa yana siku ambayo magari ya wageni huondoka. Ilikuwa hivyo Kagera baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, na kwa majirani zetu wa Mai Mahiu, Kenya, baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Wataalamu wakirudi makwao, mfiwa anabaki na usiku wake. Anayebaki naye ni nesi wa zahanati, tabibu wa kituo cha afya, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituuliza: hawa watu wetu wa karibu, ambao hawakusomea udaktari wa akili, wanaweza kumsaidia mtu aliyeumia moyoni? Jibu ni ndiyo. Katika makala hii tunaeleza namna gani, na wapi msaada wao unaishia.

Kuogopa baada ya maafa si wendawazimu

Tuanze na jambo linalowatisha wengi. Mtu aliyenusurika hapati usingizi. Akisikia mvua juu ya bati anaruka kitandani. Chakula hakipiti. Analia bila sababu, au halii kabisa hata ndugu wanamshangaa. Anajilaumu: "Kwa nini nilimwacha mtoto alale kwa bibi siku ile?" Majirani wanaanza kunong'ona kwamba akili imeruka, au kwamba kuna mkono wa mtu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu kila mtu aliyepitia janga hupata dhiki ya namna fulani, na kwa walio wengi hali hiyo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Mwili na akili vinajaribu kuelewa jambo zito. Mtu huyo anahitaji usalama, chakula, mahali pa kulala, habari za kweli kuhusu ndugu zake, na watu wa kukaa naye.

Hata hivyo wapo ambao hawapoi. Kwa maeneo yaliyopitia vita na migogoro, WHO inakadiria kuwa mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia wasiwasi na sonona hadi magonjwa makali zaidi. Maporomoko si vita, lakini funzo ni moja: wengi watapona wakiwa na watu wao, na wachache watahitaji matibabu. Kazi ya mhudumu wa karibu ni kuwasaidia wale wengi wasizidiwe, na kuwatambua wale wachache mapema.

Dalili za kuangalia ni hizi, hasa zikidumu zaidi ya mwezi mmoja: mtu hawezi kwenda shamba wala kupika, hajali watoto aliokuwa akiwapenda, anaota au kuona tukio lilelile tena na tena kana kwamba linatokea sasa, amejitenga kabisa, au ameanza kunywa pombe kuliko zamani. Anayesema maneno yasiyoeleweka, anayesikia sauti wengine wasizozisikia, au anayezungumzia kufa, huyo hasubiri mwezi. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Kwa nini zahanati?

Ni wachache sana watakaofika zahanati na kusema, "Nesi, nina sonona." Watu wetu husema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mgongo unauma, tumbo limejaa gesi, mwili hauna nguvu. Wanapimwa malaria, hawana. Wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi wiki ijayo na malalamiko yaleyale.

Mtu huyo hadanganyi. Maumivu yapo kweli, na ni lazima apimwe sawasawa, kwa sababu baada ya mafuriko maradhi ya mwili nayo ni mengi. Ila vipimo vikiwa safi na maumivu yakiendelea, swali fupi linaweza kufungua mlango: "Mama, haya yalianza lini? Nyumbani kwenu mliathirika vipi? Usingizi unapata?"

Hapo ndipo neno letu "mawazo" linapotoka. "Nina mawazo mengi, mwanangu." Mhudumu asilipuuze neno hilo. Zimbabwe, watu wanaosema Kishona wana neno kama hilo, *kufungisisa*, maana yake kufikiri kupita kiasi, na daktari wa akili Dixon Chibanda alilichukua kwa uzito. Tutarudi kwake baadaye.

Tazama, sikiliza, unganisha

Mwaka 2011 WHO na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Kama ilivyo huduma ya kwanza ya jeraha, hahitajiki daktari bingwa kuitoa. Msingi wake ni mambo matatu.

*Tazama.* Kabla ya kuzungumza, angalia usalama wa mahali, nani anahitaji msaada wa haraka, nani ameduwaa. Angalia waliosahaulika kirahisi: watoto waliopotezana na wazazi, wazee, wajawazito, wenye ulemavu.

*Sikiliza.* Mfikie mtu kwa heshima, jitambulishe, uliza anahitaji nini. Kaa naye. Asipotaka kusimulia, usimlazimishe.

*Unganisha.* Msaidie apate chakula, maji, matibabu, habari za uhakika, na hasa watu wake. Simu moja ya kumtafuta kaka aliyeko Singida inaweza kutuliza kuliko mawaidha ya saa nzima.

Tuchukue mfano wa mhudumu kijana anayemtembelea mzee aliyepoteza mke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba, baba. Mimi ni mhudumu wa afya wa hapa kijijini. Nimekuja kukujulia hali. Naweza kukaa kidogo?"

"Kaa, mwanangu. Lakini sina la kusema."

"Si lazima useme, baba. Tukae tu. Leo umekula chochote?"

Mazungumzo ni mafupi, lakini kijana ametoa pole, ameeleza yeye ni nani, ameomba ruhusa, hajachokonoa jeraha, na ameulizia jambo la msingi la siku hiyo. Akirudi kesho na keshokutwa, mzee huenda akazungumza mwenyewe.

Yapo maneno ya kuepuka, hata kama yanasemwa kwa nia njema. "Usilie, wewe ni mwanaume." "Una bahati, mwenzako amezika wanne." "Ndivyo Mungu alivyopanga, sahau." Imani ni nguzo kubwa kwa wengi wetu, na mfiwa akiitaja mwenyewe, msikilize na umuunge mkono. Lakini asifungwe mdomo kwa jina la Mungu. Vilevile usiahidi usichoweza, kwamba nyumba itajengwa au mwili utapatikana. Ahadi ya uongo ni maafa ya pili.

Jambo jingine linahusu hata sisi watu wa redio. Zamani ilidhaniwa kwamba aliyenusurika lazima asimulie yote haraka ili "atoe sumu". Leo miongozo ya kimataifa haishauri kumkalisha mtu mara moja na kumtaka aeleze tukio zima hatua kwa hatua, maana haijaonekana kuzuia madhara ya baadaye. Mwandishi anayemwekea mfiwa kipaza sauti mdomoni siku ya kwanza naye alifikirie hilo.

Vidonge vya usingizi si jibu la kwanza

Mfiwa anapolia usiku kucha, ndugu humwomba tabibu: "Mpe hata sindano alale." Ombi hilo linatokana na huruma. Lakini mwongozo wa WHO kwa vituo vya afya katika maeneo ya maafa unaonya kwamba dawa za kutuliza kama diazepamu zisitolewe kama tiba ya dhiki na huzuni za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Dawa hizo haziondoi huzuni, na mtu anaweza kuzizoea akashindwa kuziacha.

Mhudumu anaweza kufanya nini badala yake? Amweleze mtu kwamba usingizi huvurugika baada ya mshtuko na mara nyingi hurudi. Amshauri alale na kuamka muda uleule, apunguze chai ya rangi na kahawa jioni, afanye kazi nyepesi mchana. Amfundishe kupumua: vuta pumzi taratibu kwa pua hadi tumbo lijae, itoe polepole kwa mdomo, rudia kwa dakika chache. Na amwambie wazi kuhusu pombe. Gongo inamlaza mtu saa tatu, kisha inamwamsha na hofu mara mbili.

Wasisahauliwe waliokuwa kwenye dawa tangu zamani

Hili ni la haraka, na mara nyingi hakuna anayelikumbuka. Tope likichukua nyumba, linachukua pia dawa za mwenye kifafa na za mwenye ugonjwa mkali wa akili. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Aliyekuwa ametulia kwa dawa za akili anaweza kuugua tena akiwa kambini, mahali ambapo watu watamcheka, kumpiga au kumfunga kamba.

Siku za mwanzo kabisa, zahanati ipitie daftari lake: nani katika vijiji hivi alikuwa akichukua dawa hizi? Mhudumu wa jamii apewe majina, awatafute kwa siri na heshima, na kituo kiagize dawa wilayani. Kama una ndugu wa namna hiyo, usisubiri kutafutwa. Nenda kaseme.

Watoto husema kwa matendo

Mtoto wa miaka saba aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine hataki kuachana na khanga ya mama. Mwingine anacheza mchezo wa kufukia wanasesere kwenye udongo, na watu wazima wanamchapa wakidhani anachuro.

Asichapwe. Mtoto anacheza alichokiona ili akielewe. Kinachomsaidia ni kuwa karibu na mtu mzima anayemfahamu, kula na kulala kwa ratiba, kucheza na wenzake, na kurudi shule mapema iwezekanavyo. Aliyefiwa aambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Akiambiwa "mama amesafiri", atamsubiri barabarani kila jioni, na siku akijua ukweli hatawaamini tena.

Je, asiye daktari anaweza kutibu?

Sasa turudi kwa Daktari Chibanda. Mwaka 2006, Mbare jijini Harare, alianza kuwafundisha akina bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Bibi anasikiliza, anamsaidia mgonjwa ataje matatizo yake, achague moja, na wapange hatua ndogo ya kulitatua. Huduma hiyo inaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Karibu zaidi na kwetu, jijini Nairobi, wahudumu wa jamii walifundishwa njia ya WHO yenye vikao vitano, kimoja kila wiki. Wanawake waliopitia ukatili walifundishwa kutuliza mwili, kutatua tatizo moja kwa wakati, kurudia shughuli zao hatua kwa hatua, na kujenga tena uhusiano na watu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua.

Kumbe inawezekana. Lakini tusidanganyane: wahudumu wale walifundishwa, walisimamiwa, na walikuwa na mahali pa kumpeleka aliyezidi uwezo wao. Kumtwika mhudumu wa kijiji mzigo huu bila mafunzo wala msimamizi ni kumwonea yeye na mgonjwa.

Tunajua pia hali ya zahanati zetu. Nesi mmoja, foleni ya watu hamsini, chanjo na kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la nesi peke yake. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na hapo pana nafasi. Mkutano wa kijiji unaweza kuuliza: wahudumu wetu wamefundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia? Zahanati yetu inaweza kutenga mchana mmoja kwa wiki kwa ajili ya mazungumzo, kwenye chumba chenye mlango unaofungwa? Mlango huo una maana. Hakuna atakayesema ya moyoni huku foleni inamsikia.

Kumuuliza mtu kuhusu kujiua

Wengi wanaogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Mara nyingi linampa nafuu, kwa sababu hatimaye yupo aliyeona uzito wake. Uliza kwa upole, mkiwa wawili: "Dada, kwa haya uliyopitia, kuna wakati unatamani usiwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru?"

Akisema ndiyo, usimkemee wala usimhubirie. Usimwache peke yake. Ondoeni karibu yake sumu za shambani, sumu ya panya, kamba na vyenye makali. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo, na kituo kimpe rufaa kama inahitajika, kuelekea hospitali ya wilaya, ya mkoa, na hata Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma. Akirudi nyumbani, mhudumu amtembelee. Rufaa isiyofuatiliwa hubaki karatasi tu.

Mhudumu naye ni mfiwa

Nesi aliyefunga majeraha usiku ule huenda nyumba yake nayo ilikwenda. Mhudumu anayehesabu kaya anahesabu pia kaya ya shangazi yake. Anasikia habari za vifo kutwa nzima, akirudi nyumbani hana wa kumwambia.

Msimamizi wake wa wilaya amuulize hali yake, si taarifa tu. Wafanye kazi kwa zamu, watembee wawiliwawili, wapate siku ya kupumzika, na wakae pamoja mara kwa mara wazungumze. Nasi wanakijiji tumpe mkono wa pole kama tunavyompa mfiwa yeyote.

Jirani, mwenyekiti na mchungaji wafanye nini?

Sehemu kubwa ya dawa hii tunayo wenyewe. Matanga, sala, dua, kuzika kwa heshima, kuchota maji kwa mfiwa, kulima shamba lake kwa zamu, vyote hivi hutibu. Tatizo ni kwamba hukoma baada ya arobaini, wakati wengine ndiyo kwanza maumivu yanaanza.

Kijiji kiwe na orodha ya kaya zilizoumia zaidi, na watu wa kuzitembelea hadi mwaka upite. Tarehe ya tukio na mwanzo wa mvua ni nyakati ngumu. Zipangiwe ibada au kikao. Familia zinapohamishiwa makazi mapya, walio majirani wa zamani wawekwe karibu kama inawezekana, maana nyumba mpya bila jirani ina upweke wake. Serikali ya kijiji itoe taarifa za kweli za hali ya hewa na ieleze pa kukimbilia. Mtu anayejua njia ya kutorokea hulala vizuri kuliko anayebahatisha.

Viongozi wa dini na waganga wa jadi, watu huwafuata nyinyi kwanza. Mkiona dalili tulizotaja, ombeni na mgonjwa, kisha msindikizeni zahanati. Asiambiwe aache dawa.

Ukihitaji ushauri wa afya, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116, nayo ni bure. Na leo, kabla simu haijaisha chaji, mpigie yule jirani au ndugu aliyefiwa zamani ambaye watu wameacha kumuulizia. Mwambie tu: "Nimekukumbuka. Unaendeleaje?" Kisha msikilize.